Dera, baibui, gauni la kitani au suruali pana: lipi liingie sandukuni kwa safari ya Julai?

Kuanzia mwisho wa Mei wateja wangu hapa Michenzani, Unguja, huwa na swali moja. Skuli zinakaribia kufungwa, tiketi zimeshakatwa. Mmoja anakwenda kwa dada yake London, mwengine kwa wakwe zake Muscat, mwengine amejiwekea akiba miaka mitatu aende Istanbul na mumewe. Wote wananiwekea kitambaa mezani na kuniambia: "Fundi, nishonee kitu cha kiangazi, kizuri, na nisitaabike nacho."

Kwenye hilo neno kiangazi ndipo wengi tunapoteleza. Kiangazi chetu ni cha kaskazi, Disemba mpaka Machi, jua linapowaka na fukuto likakulaza macho. Julai kwetu ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na asubuhi watoto wanakwenda skuli na sweta. Nguo unayoijaribu mbele ya kioo changu mwezi wa Juni inakaa vizuri mwilini kwa sababu hewa yenyewe imepoa. Ukishuka nayo Muscat, mchana wa Julai unafika karibu na nyuzi joto 40, na unyevu wa bahari juu yake. Istanbul ni nyuzi 28 mpaka 30. London mchana wa kawaida ni 23 au 24, usiku unashuka hadi 15, na mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha ikitaka. Na huko huko London wanaweza kupata siku kama tarehe 19 Julai 2022, Uingereza ilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kupima.

Kwa hiyo "nguo ya kiangazi" peke yake haitoshi kuniambia. Niambie unakwenda wapi, utatembea kiasi gani, na utakaa ndani ya kiyoyozi saa ngapi. Nitazilinganisha nguo nne ambazo wanawake wa hapa tunazichukua zaidi, lakini kitambaa kitangulie. Mishono yetu ya kujiachia ni mizuri mno kwa joto, na watu wa nje wanaitafuta. Kinachotuumiza safarini ni kitambaa tunachokichagua kwa sababu kinang'aa dukani.

Kitambaa kabla ya mshono

Vinavyoletwa mezani kwangu ni vinne: pamba, kitani, reyoni na poliesta.

Viwandani wana kipimo cha unyevu ambao uzi unaubeba wenyewe ukikaa kwenye hewa ya kawaida. Pamba ni kama asilimia 8, kitani kama 12, reyoni inalingana na kitani au inazidi kidogo. Poliesta haifiki hata asilimia 1, ni kama 0.4. Mgongoni mwako maana yake ni kwamba jasho likitoka, pamba na kitani vinalipokea, vinalitandaza, na upepo unalichukua. Poliesta iliyofumwa kwa kubana inaliacha pale pale, nguo inaganda, na jioni inanuka hata kama uliivaa ikiwa safi.

Kitani na pamba ndivyo vinavyosumbua watu kuchagua. Kitani kina ugumu kidogo, hakigandi mwilini, kinasimama mbali na ngozi na kuacha hewa ipite. Kikilowa uzi wake unazidi kuwa imara, kwa hiyo hakiogopi kufuliwa kila siku ya pili. Lakini kinajikunja. Ukikaa kitini nusu saa, unaponyanyuka mapajani pamechorwa mistari, na pasi ya asubuhi hiyo haina faida tena. Pamba nyepesi, ile ambayo bibi zetu waliiita melimeli, ni laini zaidi, bei yake haikutishi, na mikunjo yake ni midogo. Pamba nzito, kama ya shuka, iache nyumbani, maana ikifuliwa jioni kwenye nyumba isiyo na kamba ya nje, asubuhi pindo bado ni bichi.

Reyoni ndiyo iliyoshonewa madera mengi ya mjini. Inadondoka vizuri, ukiigusa ni baridi, na kwa joto kavu ni rafiki mkubwa. Udhaifu wake uko kwenye maji: ikilowa uzi unalegea nguvu, na ikitiwa kwenye mashine ya maji moto inarudi fupi. Kama unafikia kwa ndugu ambaye nguo zote anazitia mashine pamoja, mwambie mapema au ifue mwenyewe kwa mkono.

Poliesta nayo siitupi yote. Haijikunji, inakauka usiku mmoja, rangi yake haichuji. Kwa baibui la jioni ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, au koti jepesi la mvua, inafaa sana. Ninachokikataa ni kuivaa saa sita mchana juani.

Sasa, utajuaje ulichouziwa? Kuna kitambaa kinachouzwa kwa jina la kitani na ni poliesta tupu iliyofumwa na vifundo vifundo ili ifanane. Nikienda maduka ya Mchangani nafanya hivi. Kwanza nakifinya kitambaa ndani ya ngumi, nahesabu mpaka kumi, nafungua. Kitani cha kweli kinatoka na makunyanzi kama karatasi. Kikifunguka kama hakijashikwa, nakishuku. Kisha naomba uzi mmoja wa pembeni, nausokota, nauwasha kwa kiberiti nje ya mlango. Pamba, kitani na reyoni vinaungua kama karatasi, vinanuka karatasi, na vinaacha jivu laini linalopotea ukilipangusa kwa kidole. Poliesta inayeyuka, inajikusanya, inaacha kitone cheusi kigumu kama punje ya uwatu, na moshi wake ni wa plastiki. Mwenye duka mwaminifu hakukatazi uzi mmoja.

Ukishanunua pamba, kitani au reyoni, kiroweke usiku kucha na ukianike kabla hujaniletea. Kirudi kikiwa bado kitambaa, kisije kurudi kikiwa nguo.

Dera na suruali pana

Hizi mbili nazitanguliza kwa sababu ndizo zinazogombaniwa zaidi, hasa mama na binti yake wakija pamoja.

Dera halina mpinzani kwa kujiachia. Kichwa, mikono, basi, umevaa. Hewa inaingia chini inatoka juu, na ndani ya nyumba ya joto au safari ndefu ya gari hakuna kinachobana tumbo. Kwa mwenye mimba au mtoto anayenyonya, sina la kuongeza. Sandukuni linakunjwa likawa dogo kama taulo la mkono.

Lakini dera lilikuwa nguo ya nyumbani na ujirani, na safari inalitaka lifanye kazi ambayo halikushonewa. Halina mfuko, na pasipoti unataka kuijua ilipo kila dakika. Kwenye mwanga mkali wa nyuma linaonyesha, kwa hiyo shimizi lazima. Urefu wake unaburura, na ngazi za umeme za viwanja vya ndege na stesheni zinakamata pindo. Hilo la ngazi silisemi kutisha watu. Pindo jepesi likiingia pembeni linavutwa kweli, na unayevutwa ni wewe. Na kuna jambo hatulisemi kwa haya: ukitembea kilomita sita au saba na dera bila kitu ndani, mapaja yanachubuka. Hapa kwetu hatuyajui hayo kwa sababu kutoka nyumbani mpaka daladala ni hatua hamsini.

Suruali pana ya pamba au kitani, yenye lastiki kiunoni, na kanzu fupi ya kufika magotini juu yake, inatatua yote hayo kwa mpigo. Mapaja yamefunikwa, upepo haukunyanyui nguo, mifuko miwili ya ubavuni inaingia simu na pasipoti, ngazi unapanda bila kushika chochote. Na vipande viwili vinabadilishana: suruali mbili na kanzu fupi tatu zinakupa mavazi sita. Upungufu wake ni kiunoni, lastiki ikibana inaacha alama na joto linakaa pale pale. Mimi natia lastiki pana ya inchi moja na nusu, nailegeza, na natia kamba ndani ya kujifungia. Na kwenye vyoo vya safarini, sakafu ikiwa imelowa, suruali pana inataka kukunjwa kabla hujaingia.

Kwa mtu anayekwenda kutembea, mimi nachagua suruali pana. Kwa anayekwenda kukaa na wazee, kulea mzazi aliyejifungua, kupika na kuzungumza, dera. Na kama moyo wako uko kwenye dera tu, basi niletee nilipunguze inchi mbili pindoni, nilitie mfuko mrefu kwenye mshono wa ubavu wenye zipu, na chini yake uvae kaptura nyepesi ya pamba ya kufika gotini. Likishafanyiwa hayo linakuwa nguo nyengine.

Baibui na gauni la kitani

Baibui nalijua kwa mwili wangu. Safari yangu ya kwanza Istanbul nilijishonea baibui jipya la nida, kitambaa laini cha poliesta, jeusi, mikononi nimelitia shanga za kioo safu tatu. Uwanja wa ndege nilipendeza. Siku ya pili tulishuka kwenye tramu Eminönü, tukapanda kilima kwenda msikiti wa Süleymaniye, na kile kilima si cha mchezo, ni mawe na vichochoro vinavyopanda moja kwa moja. Katikati ya njia mgongo wote ulikuwa umelowa, nguo imenishika kama karatasi ya maji, na zile shanga zilikuwa zimepata moto wa jua mpaka nikizigusa nazihisi. Nilipofika uani nilikaa kivulini robo saa sijaweza hata kuuangalia msikiti. Nilikuwa nimekuja kutoka Unguja kuuona.

Kosa nililiweka kwenye weusi. Baadaye ndipo nilipofahamu zaidi. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1980 kuhusu mabedui wa jangwani wanaovaa kanzu nyeusi, na ulionyesha kwamba joto la ziada linaloshikwa na rangi nyeusi linabaki kwenye kitambaa na kuchukuliwa na hewa inayopita ndani ya nguo pana, halifiki kwenye ngozi. Sharti lake ni upana na hewa. Langu lilikuwa la poliesta na nililibana kifuani nipate umbo. Ningelishona kwa pamba nyepesi, bila kubana, ningepanda kile kilima kama wenzangu.

Faida ya baibui inajulikana: unalivaa juu ya chochote, linakuingiza popote kwa heshima, na jeusi halionyeshi doa la chai. La wazi mbele ni bora kwa safari kuliko la kufunga, kwa sababu ndani ya kiyoyozi unalifunga na nje unaliachia. Uzito ndio wa kuangalia. Shanga na mawe ni gramu zinazojumlika, na mashirika mengi ya ndege yanakupa kilo 7 tu za mkononi.

Gauni la kitani refu, la mikono mirefu mipana, ndilo ninaloliona limebeba uzuri na raha kwa usawa zaidi kwa mji kama Istanbul. Rangi za udongo, zeituni au samawati zinaficha vumbi na hazikupi taabu ya nyeupe. Ukitupa mtandio wa pamba begani, unaingia msikiti wowote bila kuazima kitu mlangoni, na ukitoka unakwenda kula samaki bandarini na nguo hiyo hiyo. Mikunjo yake nimeshaitaja. Nilichojifunza ni kuishona nguo ikubali mikunjo: bila pensi, ile mishono ya kubania umbo, bila kola ngumu, bila mkanda wa kitambaa hicho hicho. Gauni la kitani lililoshonwa kama sare ya ofisi, likijikunja linaonekana limechoka. Lililoshonwa kwa kujiachia, mikunjo inakuwa sehemu ya sura yake. Usiku ulitundike bafuni wakati mtu anaoga maji moto, mvuke unalinyoosha nusu ya kazi.

Bei yake ni kubwa, hilo sifichi. Ndiyo maana nawashauri wateja washone moja zuri la kitani na mengine ya pamba, badala ya manne ya kitambaa cha kuiga.

Mji kwa mji

Muscat. Mchana hutembei nje, hakuna anayetembea. Unatoka nyumba yenye kiyoyozi, unaingia gari lenye kiyoyozi, unashukia duka lenye baridi ya kugandisha. Kwa hiyo baibui la pamba la wazi mbele linashinda, ndani yake dera jepesi, na shali mkobani kwa hiyo baridi ya ndani. Gauni la kitani lisubiri jioni. Suruali pana hapa inakuja ya mwisho, si kwa ubaya, ila mwenyeji wako atakupitisha nyumba saba za jamaa, na wazee wetu wa kule wanazungumza Kiswahili safi na wanatazama mavazi kama wa hapa. Ila ukiambiwa mtapanda mpaka Salalah, badilisha hesabu. Kule Juni mpaka Septemba ni msimu wa khareef, ukungu na manyunyu, milima imekuwa kijani, nyuzi joto ziko kwenye ishirini na kitu. Baibui la kuburura linarudi na tope mpaka magotini.

Istanbul: gauni la kitani mbele, suruali pana nyuma yake kidogo sana. Jioni kwenye boti ya kuvuka Bosphorus upepo unapiga, na hapo suruali inalipita gauni.

London suruali pana haina mshindani. Kinachowachosha wageni kule ni kwamba siku ni ndefu. Mwanzoni mwa Julai jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo nguo uliyovaa asubuhi ndiyo utakayokuwa nayo kwenye mvua ya saa nane, kwenye treni za njia zilizochimbwa chini sana ya ardhi, ambazo nyingi hazina kiyoyozi, na kwenye ubaridi wa saa mbili usiku. Tabaka ndiyo dawa: fulana ya pamba ndani, kanzu fupi juu, sweta jepesi mkobani, na koti la mvua la kukunjwa likawa dogo kama embe. Jinzi moja yapita zaidi ya nusu kilo na ikilowa haikauki leo wala kesho. Suruali mbili za pamba zinaingia mahali pake.

Kwa akina baba maneno ni machache. Kanzu ya pamba inafaa Muscat na kila Ijumaa popote ulipo. Kwa kutembea, suruali ya kitani na shati la mikono mirefu la kukunjwa. Kikoi kimoja kwa ajili ya kulala na kuogea, kinachukua nafasi ya taulo na kinakauka upesi zaidi.

Kanga au shali, na miguuni

Wateja wengi wananunua shali ya dukani kwa ajili ya ndege. Mie nachukua doti ya kanga, na siichukui kwa ajili ya kumbukumbu ya nyumbani. Kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, pamba tupu. Kinakuwa blanketi kwenye ndege, mkeka wa kusalia, shuka juu ya kitanda cha hoteli usichokiamini, pazia la dirisha London kwa sababu saa kumi na moja alfajiri kumeshakucha kama mchana. Shali ya sufu inaishinda kwa joto tu. Kanga isiwe mpya: wanga wake uwe umeshafuliwa ukatoka, na rangi iwe imeshachuja, isije kukupakia gauni la kitani.

Miguuni chaguo ni kati ya makubadhi na raba. Makubadhi ya ngozi yaliyozoea mguu wako ni mazuri kwa sherehe na jioni. Nyayo yake ni nyembamba na laini, na mawe ya Istanbul utayahesabu moja moja. Raba nyeupe nyepesi, isiyo na maandishi makubwa, inakwenda na suruali pana na hata na gauni refu, na soksi za pamba fupi. Mchuchumio kama ni wa harusi, ufungie kwenye mfuko wake na usifikirie kuuvaa kwingine. Kandambili moja za bafuni, basi.

Mwezi uliopita alikuja mteja wangu mmoja wa miaka mingi, anakwenda London kwa mwanawe. Alitaka madera matano. Sikumkatalia. Nilimwambia: "Mama, chukua hili moja nililolimaliza, livae kesho na viatu unavyotaka kusafiri navyo. Toka hapa Michenzani kwa miguu mpaka Forodhani, pita ndani ya vichochoro, kaa ule urojo, rudi kwa miguu. Mkoba ubebe wenye uzito wa safari."

Alirudi magharibi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu, akanionyesha pindo, lilikuwa jeusi kwa vumbi upande mmoja wote. Akauliza ile suruali ya kijivu iliyotundikwa nyuma yangu ni ya nani. Nilimpima kiuno pale pale. Madera yalibaki mawili, moja limepunguzwa inchi mbili na kutiwa mfuko, na siku ya Alhamisi alikuja kuchukua suruali zake mbili.